Maswali ya Wasomaji: Seli za Kinga Zinapofundishwa Kuitambua Saratani ya Damu

Barua zilizotufikia kuhusu lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda kwa kasi, ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua tano, kwa kuwa zote zinahusu tiba moja: ile ambayo seli za kinga hutolewa mwilini, hubadilishwa maabara, kisha hurudishwa ili ziitafute saratani na kuiua. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwani atakayeielewa hiyo hatapata shida na zinazofuata.

Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka 8 na ana lukemia kali ya limfoblasti ya seli B. Alitibiwa kwa kemotherapi, ugonjwa ukatoweka, kisha ukarudi. Akatibiwa tena, na sasa umerudi mara ya pili. Tunaelezwa kwamba seli zake nyeupe zitatolewa, zibadilishwe, halafu arudishiwe. Kama seli zake za kinga zimeshindwa kuuona ugonjwa muda wote huu, zitauonaje sasa? Na je, ni kweli kwamba hutumika virusi vya UKIMWI?

Marahaba, mama, na pole kwa yote mliyopitia na mtoto. Swali lako la kwanza ndilo lililowasumbua watafiti kwa miongo mingi, kwa hiyo nitaanza nalo.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Humo seli changa hukua na kukomaa, kisha hutoka kwenda kazini: nyekundu hubeba oksijeni, chembe sahani huzuia damu isivuje, nyeupe huulinda mwili. Katika ugonjwa wa binti yako, seli nyeupe ya aina ya B iliacha kukomaa ikiwa bado changa, ikaanza kujigawa bila kikomo, na uzao wake ukaujaza uboho hadi seli nyingine zikakosa nafasi. Ndiyo maana mtoto mwenye lukemia hupungukiwa damu, hutokwa na michubuko asiyojua imetoka wapi na kushikwa na homa kila mara, hata pale ambapo vipimo vinaonyesha seli nyeupe tele. Ni nyingi, lakini hazikuwahi kufika umri wa kufanya kazi.

Seli ambayo tungetegemea iwaue maadui wa aina hii huitwa seli T. Seli T huisogelea seli nyingine, ikaigusa na kukagua vipande vidogo vya protini ambavyo seli huvitandaza juu ya utando wake, mfano wa mchuuzi anavyotandaza bidhaa zake. Seli iliyoingiliwa na virusi hutandaza vipande vigeni, na hapo seli T huiangamiza. Lukemia haikutoka nje. Ni seli ya mwili uleule, na karibu vipande vyote inavyovitandaza ni vya nyumbani, hivyo seli T huikagua, haioni kosa, ikapita. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na katika ugonjwa huu maneno hayo ni maelezo kamili ya tatizo. Seli za kinga za binti yako hazikuwa dhaifu wala hazikuzembea. Zilikuwa zikitafuta kitu ambacho hakikuwapo.

Wataalamu basi waliamua kuipa seli T jicho jingine. Walichukua ile sehemu ya kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoshika shabaha yake kwa uhakika, wakaiunganisha na sehemu ya ndani ya seli T inayowasha amri ya kuua, na kitu kilichopatikana wakakiita kipokezi cha mseto, ambacho kwa kifupi huandikwa CAR. Ndiyo maana tiba hii huitwa CAR-T. Zelig Eshhar na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha mwaka 1989 kwamba jambo hilo linawezekana. Hata hivyo, vipokezi vya mwanzo viliua vizuri kwenye vyombo vya maabara lakini ndani ya mwili seli zake zilichoka na kutoweka mapema. Mambo yalibadilika pale ilipoongezwa sehemu ya pili ya ndani, inayoipa seli T amri ya kuzaliana na kuishi muda mrefu. Nakusihi uishike hoja hii ya kuishi muda mrefu, kwa sababu dawa ya kawaida hupungua mwilini kila saa inayopita, ilhali hii ni dawa hai inayoongezeka kila inapokutana na adui wake.

Sasa, jicho hilo jipya linaangalia nini? Katika lukemia ya seli B linaangalia protini iitwayo CD19. Ukiniuliza ni uamuzi gani uliofanikisha tiba hii kuliko mwingine wowote, nitakujibu kwamba ni kuichagua alama hiyo. Protini ya CD19 huwa juu ya seli B tangu zikiwa changa hadi zinapokuwa zimekomaa, nayo hubaki juu ya nyingi ya seli B zilizogeuka kuwa lukemia. Lakini seli shina za uboho, ambazo ni chimbuko la damu yote, hazina alama hiyo. Seli za CAR-T zitaua basi lukemia pamoja na seli B nzima zisizo na hatia, na binadamu anaweza kuishi bila seli B kwa kuwa kazi yake kubwa ni kutengeneza kingamwili, na kingamwili zinaweza kutolewa kwa dripu.

Kwa upande wa utaratibu, damu ya mtoto itapitishwa kwenye mashine inayochuja seli nyeupe na kumrudishia zilizobaki, kazi inayochukua saa kadhaa na isiyohitaji kisu. Seli hizo hupelekwa maabara, huamshwa, hupewa jeni ya kipokezi, huachwa zizaliane, kisha hupimwa na kugandishwa. Kwa kawaida hupita wiki kadhaa kabla hazijarudi, na kipindi hicho ndicho kigumu kwa familia, maana lukemia haisubiri. Mara nyingi mtoto huendelea na dawa za kuuzuia ugonjwa usikimbie. Siku chache kabla ya kurudishiwa seli hupewa kemotherapi nyepesi, mara nyingi fludarabini na siklofosfamidi, ili kuzipunguza seli nyeupe zilizopo na kuzipisha zile mpya. Siku yenyewe haina kishindo. Mfuko ni mdogo, dripu ni fupi, na kwa mtoto mwenye uzito usiozidi kilo 50 kipimo cha Kymriah, mojawapo ya dawa za CAR-T, ni kati ya seli laki 2 na milioni 5 kwa kila kilo ya uzito wake.

Kuhusu virusi, uliyoyasikia yana asili ya kweli lakini yamepotoshwa njiani. Ili jeni mpya iingie ndani ya seli T na kudumu humo, watengenezaji wa dawa kadhaa za aina hii hutumia chombo kilichotokana na kirusi cha UKIMWI, kwa kuwa kirusi hicho kina ustadi wa asili wa kuingiza jeni ndani ya seli za kinga. Jeni zake za kujizalisha na kuleta ugonjwa zimeondolewa. Kilichobaki ni gamba linalobeba mzigo mara moja tu, na seli hupimwa kabla hazijatoka maabara. Mtoto hapati UKIMWI kwa njia hii. Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawaambiwi mapema: baada ya tiba, baadhi ya vipimo vya UKIMWI vinavyotafuta chembe za urithi za kirusi vinaweza kutoa jibu la uongo kwamba mtu anavyo. Omba barua ya hospitali inayoeleza tiba aliyopewa, na uitunze pamoja na kadi zake, ili siku atakapopimwa mahali pengine mhudumu asije akamtisha bure.

Kaka yangu ana miaka 34 na ana lukemia kali ya mieloidi, lakini yeye ameambiwa tiba hiyo haimfai. Je, ni kwa sababu ya umri wake? Au amenyimwa tu?

Pole, ndugu yangu. Umri si kizuizi. Tangu mwaka 2021 Marekani imeidhinisha tiba ya aina hii kwa watu wazima pia, mradi lukemia yao iwe ya seli B. Umesema katika barua yako kwamba ugonjwa wa kaka yako ni lukemia kali ya mieloidi, inayotoka kwenye ukoo mwingine wa seli za uboho, na hapo ndipo ilipo tofauti.

Rudia nilichomwambia mama wa barua ya kwanza kuhusu alama. Seli za lukemia ya mieloidi nazo zina alama, na zinazotajwa zaidi ni CD33 na CD123, lakini alama hizo hupatikana pia juu ya seli nzima za ukoo huohuo wa uboho, zikiwamo zile changa zinazotegemewa kuijaza damu upya. Ukiipeleka seli isiyokufa upesi ikaue kila kilicho na CD33, itaiua lukemia na inaweza kuubakiza uboho ukiwa mtupu. Mtu huishi bila seli B kwa msaada wa dripu. Hawezi kuishi kwa muda mrefu bila seli nyeupe za kupambana na bakteria na bila chembe sahani. Isitoshe, seli za lukemia ya mieloidi ndani ya mgonjwa mmoja hazifanani, na alama iliyo juu ya hizi huenda isiwe juu ya zile. Ndiyo sababu ugonjwa huo haujapata tiba ya CAR-T iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ingawa majaribio ni mengi. Mojawapo linanivutia sana: badala ya kutafuta alama iliyo kwenye lukemia peke yake, watafiti huifuta CD33 kutoka kwenye seli shina za mtu anayechangia uboho, ili uboho mpya usionekane na silaha inayoitafuta lukemia.

Naomba pia usiione tiba ya kaka yako kuwa ya daraja la pili. Akipandikizwa uboho wa mtu mwingine, sehemu ya faida yake hutoka kwa seli T za mchangiaji, ambazo huiona lukemia kuwa ngeni na kuishambulia. Hiyo nayo ni tiba ya seli za kinga, na ilianza kuponya watu miongo mingi kabla ya CAR-T.

Kwa ajili ya wasomaji wawili walioulizia lukemia ya seli T, nitaongeza neno moja. Humo mshambuliaji na mshambuliwa ni wa ukoo mmoja na wana alama moja, hivyo seli zilizofundishwa huuana zenyewe kabla hazijamfikia mgonjwa. Mwezi Mei mwaka 2022, katika hospitali ya Great Ormond Street jijini London, msichana wa miaka 13 alipewa seli T za mchangiaji mwenye afya, ambazo zilikuwa zimerekebishwa herufi za jeni moja moja ili zipoteze alama ya CD7 kabla ya kufundishwa kuiwinda alama hiyohiyo. Siku 28 baadaye ugonjwa haukuonekana, akapandikizwa uboho.

Je, vidonge vya kuongeza kinga haviwezi kufanya kazi hiyohiyo bila gharama na hatari zote hizi?

Haviwezi. Shida ya mgonjwa wa lukemia si upungufu wa seli T zenye nguvu, ni kwamba seli hizo haziitambui lukemia, na hakuna kidonge kinachoipa seli kipokezi ambacho haikuzaliwa nacho. Baadhi ya vidonge hivyo huingiliana na kemotherapi, kwa hiyo kila kinachomezwa nyumbani kitajwe kwa daktari anayemtibu mgonjwa.

Mimi ni muuguzi. Katika wodi yetu tumeanza kupokea wagonjwa waliopewa seli hizi, na tumesisitiziwa tusiidharau homa hata ndogo. Ningependa kuelewa sababu yake, na kujua mengine ya kuangalia.

Umeuliza swali linalookoa maisha, muuguzi, mwenzangu katika kazi hii ya kulinda wagonjwa.

Seli za CAR-T zinapokutana na lukemia hujigawa kwa kasi na kumwaga kemikali za kuitana ziitwazo saitokaini. Zikizidi, mwili mzima hushika moto: homa hupanda, presha hushuka, mapafu hujaa maji na oksijeni hupungua. Kadiri mgonjwa alivyokuwa na lukemia nyingi siku ya kupewa seli, ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Mwaka 2012, mtoto wa kwanza kutibiwa lukemia kwa njia hii katika Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, msichana wa miaka 6, alifika ukingoni mwa kifo siku chache baada ya kupewa seli. Vipimo vilionyesha kwamba saitokaini moja, intalukini 6, ilikuwa juu mno. Profesa Carl June wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambaye timu yake ndiyo iliyozitengeneza seli hizo, aliifahamu dawa ya kuzuia intalukini 6, tosilizumabu, kwa kuwa binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa viungo ambao dawa hiyo ilikusudiwa kuutibu. Mtoto alipewa, akaanza kupata nafuu ndani ya saa chache, na lukemia yake haikuwa imerudi zaidi ya miaka 10 baadaye. Nimeikumbuka habari hii mara nyingi. Kama mtoto yule angefariki wiki ile, sijui ni nani angethubutu kuendelea na utafiti, na FDA ilipoidhinisha Kymriah tarehe 30 Agosti 2017 iliidhinisha siku hiyohiyo tosilizumabu kwa ajili ya madhara haya.

Katika jaribio kuu lililotangulia idhini hiyo, wagonjwa 75 walipewa seli, na asilimia 77 kati yao walipata dhoruba hiyo ya saitokaini kwa kiwango fulani. Kwa hiyo homa katika wodi yako ni jambo la kutarajiwa. Kosa ni kuisubiri hadi kesho. Na kwa sababu mgonjwa huyu hana seli nyeupe za kutosha, homa hiyohiyo inaweza kuwa ya bakteria, hivyo huchukuliwa damu kwa uchunguzi na kuanzishiwa antibayotiki wakati dhoruba nayo ikitibiwa. Huchagui kimoja.

La pili ni ubongo. Asilimia 40 ya wagonjwa wa jaribio lile walipata dalili za neva, kuanzia kuchanganyikiwa kidogo, kuweweseka na kukosa maneno, hadi degedege kwa wachache. Kipimo bora unacho tayari mkononi: mpe mgonjwa aliyefikia umri wa kuandika karatasi na kalamu kila siku, aandike sentensi moja ileile, kisha ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kuruka kumi kumi. Mwandiko huharibika mapema, wakati mwingine kabla ndugu hawajaona tofauti yoyote katika mazungumzo yake. Zihifadhi karatasi hizo kitandani ili anayeingia zamu alinganishe ya leo na ya jana. Dalili za neva zikianza, tegemeo kubwa ni dawa za steroidi kama deksamethasoni, kwa kuwa tosilizumabu haisaidii sana upande wa ubongo.

Mwaka 2024 FDA iliagiza pia dawa za aina hii ziandikwe onyo kuhusu saratani mpya za seli T zilizoonekana kwa wagonjwa wachache. Ni hatari ndogo ukiipima na lukemia iliyoshindikana kwa dawa nyingine, lakini inamaanisha kwamba mgonjwa hatakiwi kupotea kliniki maisha yake yote.

Mwanangu wa miaka 15 alipewa seli hizi miezi minne iliyopita, na uboho wake hauna lukemia. Je, amepona? Mbona bado anawekewa dripu ya kingamwili kila mwezi, na mbona daktari mmoja anataka apandikizwe uboho na mwingine anasema tusubiri?

Mzee wangu, namshukuru Mungu pamoja nawe kwa matokeo hayo. Katika jaribio nililolitaja, asilimia 81 ya waliopewa seli waliondokewa na ugonjwa ndani ya miezi 3, na hao walikuwa wagonjwa ambao dawa nyingine zilikuwa zimegonga mwamba. Hata hivyo, kati ya walioondokewa na ugonjwa, waliokuwa bado hawajarudiwa ilipofika miezi 12 walikadiriwa kuwa asilimia 59. Sitakuficha takwimu hiyo, maana ndiyo inayowafanya madaktari wako watofautiane.

Lukemia hurudi kwa njia mbili. Ya kwanza, seli za CAR-T hutoweka mapema kabla hazijamaliza kazi, na masalia yenye CD19 yakapata nafasi ya kukua tena. Ya pili, seli za CAR-T bado zipo lakini lukemia imevua ile alama, na mlinzi anabaki akimtafuta mtu wa kanzu nyeupe ambaye ameshaitupa kanzu. Mwaka 2018 ilichapishwa habari ya mgonjwa mmoja ambaye seli moja ya lukemia iliingia kwa bahati mbaya miongoni mwa seli T maabara, ikapewa nayo kipokezi, na kipokezi hicho kikaifunika CD19 yake yenyewe, hata uzao wake usionekane. Tukio hilo ni la nadra sana, lakini linaonyesha jinsi tiba yote ilivyofungwa kwenye alama moja. Ndiyo maana sasa zinajaribiwa seli zenye kutambua CD19 na alama nyingine ya seli B, CD22, kwa pamoja.

Daktari anayependekeza kupandikiza anataka kuweka ukuta wa pili kabla ugonjwa haujapata upenyo. Anayesubiri anaona kwamba seli zikidumu zinaweza kutosha peke yake, na kwamba kupandikiza kuna hatari zake, zikiwamo maambukizi na seli za mchangiaji kuushambulia mwili wa mpokeaji. Wote wawili wana hoja. Kinachoamua ni kama seli za CAR-T bado zipo, kama vipimo vyenye uwezo wa kugundua hata masalia madogo vinatoka safi, na kama mwanao aliwahi kupandikizwa hapo awali. Waombe wakae pamoja na majibu hayo mezani, nawe uwepo.

Dripu ya kila mwezi inakuambia jambo jema. Mwanao anaihitaji kwa sababu hana seli B, na hana seli B kwa sababu walinzi wake bado wanaziua. Ukosefu huo, pamoja na usumbufu wake, ni ushahidi wa kila mwezi kwamba tiba iko kazini. Kwa hiyo siku maabara itakaposema seli B zimeanza kurudi, swali la kwanza kumuuliza daktari ni zimerudi mwezi wa ngapi tangu apewe seli za CAR-T. Zikirudi ndani ya miezi 6 ya kwanza ni dalili kwamba seli za CAR-T zimekufa mapema, na uchunguzi wa uboho pamoja na mazungumzo ya kupandikiza visicheleweshwe hata wiki moja. Zikirudi baada ya miaka, huku uboho ukiwa safi, huenda maana yake ni kwamba mwanao ameanza kujitengenezea kingamwili mwenyewe, na dripu inaweza kusimamishwa.